Jedwali la Jua na Njia Mpya za Bahari

Tarehe 24 Aprili 1498 meli tatu za Wareno zilizoongozwa na Vasco da Gama ziling'oa nanga Malindi zikiwa na rubani aliyetolewa na mtawala wa mji. Kusi ilikuwa imeanza kushika. Baada ya siku 23 waliiona nchi ya India, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Marejeo yalikuwa mengine kabisa. Waliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya magharibi ya India, tarehe 5 Oktoba, wakati ambao nahodha yeyote wa Malindi au Gujarat angewashauri wasubiri, maana kaskazi haikuwa imekaza. Bahari waliyoivuka kwa siku 23 ikawashikilia karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na wenye nguvu ya kufanya kazi hawakuzidi saba au wanane katika kila meli. Walipoipata pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa Januari 1499, mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma moto mojawapo, São Rafael, kusini ya Mombasa.

Mbele ya ushahidi huo, ile hadithi ya Wazungu walioitawala bahari kwa kuwa mabaharia bora haisimami. Katika Bahari ya Hindi wao ndio waliokuwa wanafunzi. Hata hivyo, kabla miaka 10 haijapita tangu siku ile ya Malindi walikuwa wameshajenga ngome Kilwa na Sofala, na wakaanza kudai kwamba kila chombo cha biashara kinunue kibali chao kabla ya kutweka tanga. Baada ya karne moja na nusu, pilipili, fedha, vitambaa na binadamu walikuwa wakisafirishwa kuizunguka dunia nzima kwa njia ambazo mwaka 1490 hazikuwepo. Ni nini kilichowezesha hayo? Wengi hujibu: meli na mizinga. Hoja ya makala haya ni kwamba uvumbuzi uliobeba uzito mkubwa zaidi ulikuwa wa aina nyingine. Maarifa ya bahari yaligeuzwa kuwa hesabu zinazoweza kuandikwa, kuchapishwa, kusahihishwa na kukabidhiwa mtu ambaye hajawahi kufika huko anakokwenda, kisha zikaundwa taasisi za kuyakusanya maarifa hayo safari baada ya safari. Meli na mizinga vilikuwa na kazi yake, lakini peke yake visingefika mbali.

Tuanzie Atlantiki, kwa sababu huko ndiko jambo kubwa la safari ya Da Gama lilikotendeka. Wareno waliofanya biashara Guinea katika karne ya 15 walikuwa wamegundua kwamba kurudi kwao kwa kuambaa na pwani ni kupigana na upepo na mkondo wa maji pamoja. Njia ya haraka ilikuwa kuipa nchi kavu mgongo, kuingia bahari kuu upande wa magharibi, na kwenda hadi wapate upepo wa kuwarudisha Ureno. Da Gama alilifanya jambo hilo upande wa kusini kwa ukubwa ambao haukuwahi kuonekana. Tarehe 3 Agosti 1497 aliondoka visiwa vya Cape Verde, akaiacha pwani ya Afrika, akachora upinde mpana katikati ya Atlantiki ya kusini, na hakuona nchi kavu tena mpaka mapema Novemba. Zilikuwa siku zaidi ya 90. Miaka mitano kabla yake Columbus alikuwa amekaa bila kuona nchi kwa siku kama 36 tu. Safari ya namna ya Da Gama haifanyiki kwa kukariri alama za pwani, kwa kuwa hakuna pwani ya kutazamwa. Haifanyiki pia kwa Nyota ya Kaskazini, kwa kuwa ukishavuka ikweta nyota hiyo inazama.

Kinachobaki ni jua. Baharia anaweza kulipima kimo chake adhuhuri kwa astrolabu na kujua yuko umbali gani kutoka ikweta, lakini kwa sharti moja: awe anajua siku hiyo jua lenyewe limehama kiasi gani, kwa sababu mwaka mzima linakwenda kaskazini na kurudi kusini. Majedwali ya hesabu hiyo yalitungwa na Abraham Zacuto, mwanafalaki Myahudi wa Salamanca, ambaye Hispania ilipowafukuza Wayahudi mwaka 1492 alikimbilia Ureno. Kazi yake ilichapishwa katika mji wa Leiria mwaka 1496. Haukupita muda mrefu Ureno nayo ikawafukuza Wayahudi, na Zacuto akakimbilia Tunis, huku waliomfukuza wakiendelea kusafiri kwa hesabu zake. Ni dhuluma ambayo haipaswi kusahauliwa kila linapotajwa jina la Da Gama. Tangu hapo mtu aliyejua kusoma tarakimu, kujumlisha na kutoa aliweza kuijua latitudo yake katika maji ambayo hakuna baharia aliyewahi kuyapita. Hakuhitaji kuzaliwa katika ukoo wa mabaharia wa bahari ile, wala kukaa miaka 20 chini ya nahodha mzee.

Msomaji makini atapinga kwamba mabaharia wa Bahari ya Hindi nao walipima, tena kwa ustadi. Ni kweli. Walikuwa na kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Baharia huushika uzi kwa meno, akakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uiguse nyota, na fundo likamwambia amefika usawa wa bandari gani. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alitunga mnamo 1490 kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, na pwani yetu hadi Sofala imo katika maandishi yake. (Simulizi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Da Gama kutoka Malindi ingali inarudiwa, lakini wanahistoria walioichunguza wameikataa; waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani wa Gujarat.) Kwa hiyo haikuwa tofauti kati ya sayansi na mazoea, wala kati ya walioandika na wasioandika. Tofauti ilikuwa katika swali linalojibiwa. Kwa kawaida kamal ilimjulisha baharia kwamba ameufikia usawa wa bandari anayoijua. Jedwali la Zacuto lilimjulisha mahali alipo hata pasipojulikana. Tena kazi za Ibn Majid zilinakiliwa kwa mkono na kubaki kwa manahodha na wanazuoni wachache, na hazikuchapishwa mpaka karne ya 20. Sababu yake haikuwa uvivu wa akili. Kaskazi na kusi ziliwapeleka na kuwarudisha wafanyabiashara wa Kilwa, Hormuz na Cambay kwa ratiba ya kuaminika, katika bahari iliyozungukwa na miji tajiri pande zote. Kwao hapakuwa na faida ya kutafuta njia ya maji matupu.

Upande wa Atlantiki faida ilikuwepo, na ndiyo iliyolea taasisi. Mwaka 1503 wafalme wa Hispania walianzisha Seville ofisi ya kusimamia safari za Amerika, Casa de la Contratación. Mwaka 1508 ofisi hiyo ilianza kutunza ramani moja kuu ya serikali, na Amerigo Vespucci akateuliwa kuwa rubani mkuu mwenye kazi ya kuwatahini marubani wengine. Rubani akirudi alitakiwa kutoa taarifa ya alichokiona, ramani ikasahihishwa, na anayeondoka akapewa nakala iliyosahihishwa. Lisbon nako kulikuwa na utaratibu wa aina hiyo. Wizi, uzembe na siri za kibiashara havikukosekana, lakini utaratibu wenyewe ulikuwa kitu kipya duniani. Kosa la safari moja liligeuka kuwa mali ya safari inayofuata, hata kama aliyelifanya amekufa. Matunda yake yalionekana Pasifiki mwaka 1565, pale Andrés de Urdaneta alipoitafuta njia ya kurudi Mexico kutoka Ufilipino. Alikwenda kaskazini mpaka kwenye pepo za magharibi, kwa mantiki ile ile ya upinde iliyotumika Atlantiki, akafanikiwa. Njia hiyo ilipitisha fedha ya Amerika na hariri ya China kwa miaka 250.

China yenyewe ndiyo kipimo kizuri cha hoja hii. Kati ya 1405 na 1433 Zheng He aliongoza misafara saba mikubwa katika Bahari ya Hindi, na baadhi ya vyombo vyake vilifika mpaka Malindi. Meli zake kubwa zilizizidi mbali zile za Da Gama. Dira ya sumaku ilikuwa imeelezwa na Mchina Shen Kuo mnamo 1088. Usukani wa kuning'inizwa nyuma ya chombo na baruti vilijulikana China kabla ya Ulaya, na astrolabu iliboreshwa kwa karne nyingi na wanazuoni wa Kiislamu kabla haijaingia mikononi mwa Wareno. Ikiwa vifaa pekee ndivyo vinavyogeuza biashara ya dunia, mageuzi yangetoka Nanjing. Lakini misafara ile ilikuwa ya dola, na dola ilipobadili nia ikakoma. Hapakuwa na soko la Kichina lililotegemea safari za Malindi, wala ofisi ambayo maisha yake yalikuwa kuyaendeleza maarifa hayo.

Sasa tuikabili hoja ya mizinga, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, hasa kwa msomaji wa pwani. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaiteketeza Mombasa. Miji ile haikushindwa kwa jedwali la jua. Na hapa ufundi wa chombo una maana yake. Mtepe wa visiwa vya Bajuni na Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari. Mshono ule uliupa mwili wa chombo ulaini wa kuhimili kupwelewa mchangani na kugonga mwamba, sifa bora kabisa kwa bahari yetu. Lakini mbao zilizoshonwa hazihimili kishindo cha mzinga mzito ukirudi nyuma baada ya kufyatuliwa. Meli za Wareno, zenye mataruma mazito na mbao zilizopigiliwa misumari, zilihimili, na kuanzia mwaka 1500 hivi mafundi wa Ulaya walianza kutoboa matundu ubavuni ili mizinga ikae chini bila kuipindua meli. Huko ndiko uwezo wa kulazimisha watu wanunue vibali ulikotoka. Ni unyang'anyi uliowekewa stakabadhi, na hakuna haja ya kuupa jina laini.

Lakini mizinga inaeleza ushindi wa siku moja kuliko inavyoeleza mabadiliko ya karne mbili. Aden ilimshinda Mreno Afonso de Albuquerque mwaka 1513 licha ya mizinga yake. Zaidi ya hayo, mzinga ni kifaa kinachoigika upesi. Waomani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, wakazitumia meli walizoziteka na kujipatia nyingine za aina ile ile, na baada ya kuizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu Machi 1696 waliiteka Desemba 1698. Kaskazini ya Rasi Delgado utawala wa Ureno ukaisha, ukiacha mbali jaribio fupi la 1728 na 1729. Kama mzinga ungekuwa ndio siri, siri hiyo ilikuwa imeshamfikia kila aliyeitaka, na mizani ingerudi sawa. Haikurudi.

Upo ushahidi wa pili dhidi ya jibu la mizinga na njia mpya, nao unatoka Ulaya yenyewe. Watu wengi wanaamini kwamba Da Gama alipozunguka Rasi ya Tumaini Jema, njia ya kale ya pilipili kupitia Bahari ya Shamu, Alexandria na Venice ilikufa. Haikufa. Iliyumba kwa miongo michache, kisha ikainuka, na kufikia miaka ya 1560 pilipili ya Venice ilikuwa nyingi kama zamani. Wareno walikuwa wamebuni njia lakini waliiendesha kama kodi ya mfalme, kwa kuwategemea maofisa waliojinufaisha wenyewe na vibali vilivyokwepwa. Njia ya kale ilikuja kudhoofishwa kabisa na Waholanzi katika karne ya 17, na jinsi walivyofanya hivyo ndiyo sura yenye mafunzo mengi zaidi katika historia hii.

Chanzo chake ni karatasi iliyovuja. Jan Huygen van Linschoten, kijana wa Uholanzi, alifanya kazi Goa kama karani wa askofu mkuu wa Kireno, na huko akakusanya maelezo ya njia za bahari ambayo Ureno iliyaficha kwa karne nzima. Mwaka 1596 aliyachapisha kitabuni Amsterdam. Maarifa yaliyo kichwani mwa rubani huondoka na rubani, lakini yaliyo kwenye karatasi humtumikia yeyote atakayeyapata, na hilo liliwageukia Wareno kama walivyowageuzia wengine. Wakati huo huo Cornelis Corneliszoon alikuwa amebuni kinu cha upepo cha kupasulia mbao, mnamo 1594, na mji wa Hoorn ulianza mwaka uliofuata kuunda fluyt, meli ya mizigo yenye tumbo pana na matanga yanayoendeshwa kwa kapi, iliyohitaji mabaharia wachache sana kuliko meli nyingine za ukubwa wake. Haikuwa meli ya fahari, lakini ilishusha gharama ya uchukuzi katika bahari za Ulaya, na ujenzi huo wa haraka na wa bei nafuu ndio uliowatajirisha wenye mtaji wa kujaribu Asia. Mwaka 1602 mtaji huo uliunganishwa katika Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, VOC, kwa zaidi ya gilda milioni 6.4. Mwenye hisa hakurudishiwa fedha zake meli ikirudi. Aliyetaka kutoka aliiuza hisa yake kwa mwingine. Kwa hiyo kampuni ilibaki hata watu wakibadilika, nayo ikaajiri mchora ramani wake, na manahodha wakatakiwa kukabidhi daftari za safari walipofika nyumbani.

Mwaka 1611 nahodha wa kampuni hiyo, Hendrik Brouwer, alijaribu jambo jipya. Badala ya kupanda kaskazini baada ya Rasi ya Tumaini Jema na kungoja pepo za msimu pamoja na watu wengine wote, alikwenda moja kwa moja mashariki kwa pepo kali za latitudo 40 kusini, kisha akageuka kaskazini kuelekea Java. Safari iliyoweza kula mwaka mzima ikapungua hadi karibu nusu yake. Miaka michache baadaye kampuni iliwaamuru manahodha wake wote waifuate njia hiyo. Kwa pwani ya Waswahili matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko yanavyotajwa katika vitabu vya shule. Waholanzi walikuwa wamejaribu kukiteka kisiwa cha Msumbiji mwaka 1607 na tena 1608, wakashindwa. Sasa hawakukihitaji. Mwaka 1652 walijenga kituo chao cha maji na chakula Rasini, na shehena kubwa kuliko zote za Asia zikawa zinapita maelfu ya kilomita kusini yetu. Mombasa, Kilwa na Lamu ziliendelea kufanya biashara na Gujarat, Yemen na Oman, lakini hazikuwa tena juu ya barabara ambako bei za dunia zilipangwa. Hakuna mzinga uliofyatuliwa kuzitoa hapo. Ulikuwa uamuzi uliotokana na daftari la safari moja lililosomwa ofisini.

Njia ya Brouwer ilifichua upungufu uliobaki. Latitudo ilipimika, lakini nani angejua ageuke kaskazini lini? Kwa hilo ilihitajika longitudo, na meli Batavia, iliyochelewa kugeuka, iliparamia miamba ya magharibi ya Australia mwaka 1629. Tarehe 22 Oktoba 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilivunjika kwenye visiwa vya Scilly, karibu kabisa na nyumbani, na zaidi ya watu 1,000 wakafa maji. Bunge la Uingereza likatangaza mwaka 1714 zawadi ya pauni 20,000. Kanuni ilijulikana: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ukijua saa ya nyumbani na saa ya ulipo, tofauti yake ni longitudo. Kilichokosekana ni saa isiyoharibiwa na mawimbi, joto na unyevu. John Harrison, seremala, alitumia maisha yake kuitengeneza, na mwaka 1761 saa yake ya nne ilipelekwa Jamaika na kupoteza sekunde kama 5 tu kwa siku 81. Mtu anaweza kusema kwamba hapa kifaa ndicho kilichoshinda karatasi. Sivyo hasa. Saa ya Harrison ilikuwa ghali mno kwa meli za kawaida, na kwa miongo kadhaa wengi walipata longitudo kwa kupima mwezi na nyota na kutafuta jibu katika majedwali ambayo kituo cha Greenwich kilianza kuyachapisha kwa mwaka 1767. Hata mwenye saa alihitaji ramani zilizochorwa kwa kipimo hicho hicho, la sivyo namba yake haimwambii mwamba uko wapi.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi kwa sababu ni la kimaadili: kwamba kuyasifu majedwali ni kuyafumbia macho yaliyobebwa na meli. Siwezi kulipita. Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki kati ya karne ya 16 na ya 19, na karibu milioni 1.8 kati yao walikufa kabla ya kufika. Upande wetu, mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupata watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Hoja ya makala haya hailipunguzi jambo hilo, bali inalieleza. Biashara hiyo iliendeshwa kwa ukubwa ule kwa sababu safari ilikuwa imegeuzwa hesabu: siku ngapi, maji mapipa mangapi, bima kiasi gani, hasara ya watu wangapi. Ofisi iliyoweza kuandika kosa la rubani ili lisirudiwe iliweza pia kuandika vifo vya watu katika safu ya gharama, ikaendelea na kazi. Nguvu ya maarifa yaliyotenganishwa na mtu ndiyo hiyo hiyo inayomwezesha aliye mbali kuamua juu ya watu asiowaona. Meli zizo hizo za Atlantiki ndizo zilizoleta Afrika mahindi, mihogo, mananasi na tumbaku kutoka Amerika, na mamilioni wamelishwa na mazao hayo. Jambo hili halifidii lile, na yote mawili ni kweli.

Uzito wa maarifa hayo unaonekana wazi katika safari moja ya Zanzibar. Mwaka 1840 Sultani Sayyid Said aliituma New York meli yake Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman na shehena ya pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa. Ilitia nanga huko tarehe 30 Aprili. Meli ilikuwa ya Sultani, mtaji wa Sultani, mabaharia wa Bahari ya Hindi. Aliyekodiwa kuipitisha Atlantiki alikuwa Mwingereza, William Sleeman. Mabaharia wa Muscat na Zanzibar hawakupungukiwa akili wala ujasiri. Walichokikosa ni mnyororo wa shule, majedwali yaliyochapishwa, saa na ramani zilizosahihishwa, ambao Ulaya ilikuwa imeulipia kwa zaidi ya miaka 300. Hata pwani yao wenyewe, kati ya Lamu na Sofala, ilikuwa tayari imepimwa kati ya 1822 na 1826 na kikosi cha Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, kikizika watu wengi kwa homa, na ramani zake zikawa za London.

Huenda atatokea wa kusema kwamba yote haya yametiwa chumvi, kwa kuwa majahazi yaliendelea. Yaliendelea kweli, na kwa heshima. Katika msimu wa 1938 na 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi wa Kuwait mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, katika chombo kilichofuata kaskazi kuja na kusi kurudi kama vyombo vya zamani. Ustadi ule ulikuwa kamili, na kwa safari ile hapakuwa na njia iliyo bora wala nafuu kuliko ya nahodha huyo. Lakini tuangalie alichobeba. Boriti, tende, chumvi na samaki wakavu ni bidhaa za watu wanaojuana pande mbili za bahari moja, zinazongoja msimu bila hasara. Mkonge wa Tanganyika, uliouzwa kwa bei inayobadilika na kwa tarehe ya kufikishwa iliyoandikwa katika mkataba, ulikwenda Ulaya kwa stima. Nauli yake na bima yake zilipangwa katika ofisi za huko, na sehemu hiyo ya faida ilibaki huko.